Mgeni wa Baba wa Krismasi

Kila Desemba matrekta yanapopita hapa mtaani Munyaka yakivuta trela za mahindi, harufu ya dizeli iliyochanganyika na vumbi la mahindi makavu huingia hadi jikoni kwangu, nami hufunga dirisha. Watoto wangu hudhani nachukia vumbi. Nawaacha wadhani hivyo. Wewe nitakuambia, kwa sababu hatutawahi kuketi meza moja.

Nilizaliwa kijijini Soy, nyumbani kwa mwalimu wa shule ya msingi ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa. Baba aliipenda Krismasi kuliko mtoto yeyote. Wiki nzima kabla ya sikukuu alizunguka shambani akikagua miti ya saiprasi kama mtu anayenunua ng'ombe, kisha akakata tawi moja tu, akalisimamisha kwenye debe la kokoto na kutuachia sisi kazi ya kulipamba kwa pamba na baluni. Mama alikanda unga wa chapati huku akilalamika kwamba sebule yake imegeuka msitu. Na ilikuwapo desturi nyingine, ambayo sikuiona kwa majirani: mgeni wa Krismasi. Baba alisema Yesu alikosa nafasi siku aliyozaliwa, kwa hiyo kwetu lazima ipatikane nafasi ya mtu mmoja asiye na pa kwenda.

Mwaka mmoja alituletea mlinzi wa duka aliyekula chapati kumi na moja, akalala kitini mdomo wazi hadi jioni. Mwaka mwingine alikuja muuza mitumba aliyekosana na mke wake, akalia juu ya wali mpaka Mama akambadilishia sahani. Tuliwapenda hawa wageni. Mimi, binti mkubwa, ndiye niliyewapelekea chai na kuwanawisha mikono, na kazi hiyo niliionea fahari.

Nilipokuwa na miaka tisa, mdogo wangu Limo alikufa, mwezi wa Novemba. Alikuwa na miaka sita. Nitaeleza upesi, kwa maana polepole siwezi. Trekta la kukodi lilikuwa likitoa mahindi yetu shambani, na dereva wake alikuwa kijana mpole aitwaye Barnaba. Sisi tulimwita Anko. Nilimwomba atupandishe juu ya trela, akakataa. Nikamwomba tena, akakataa, akasema mahindi huteleza. Mara ya tatu nikamwambia Baba ameruhusu, na huo ulikuwa uongo. Akambeba Limo akamweka juu, mimi nikapanda mwenyewe. Tulipofika kwenye mtaro karibu na lango trela iliyumba, Limo akateleza, na gurudumu likampita.

Polisi walimshika Barnaba siku nne, kisha wakamwachilia wakisema ni ajali. Mimi waliniuliza mara moja tu, nikalia, wakaniacha. Nilichokuwa nimekisema pale shambani hakuna aliyekijua isipokuwa Barnaba.

Basi wiki moja kabla ya Krismasi, tukiwa tunakula, Baba akatangaza mgeni wa mwaka ule: Barnaba. Mama aliweka kijiko chini. Baba akasema kwa ile sauti yake ya kusomea Biblia, "Miaka yote tumekuwa tukiita watu ambao hawajatukosea. Hiyo ilikuwa rahisi."  Wiki nzima Mama hakusema naye lolote zaidi ya mambo ya ng'ombe na unga. Lakini alipika, maana hakuwa mtu wa kulaza njaa mgeni hata kama mgeni mwenyewe ni yule.

Mimi nilikuwa na hofu yangu peke yangu. Nilijua Barnaba akija atasema, na Mama akijua, sitakuwa na mama tena. Ndivyo nilivyowaza, na hadi leo siwezi kuapa kwamba nilikosea. Asubuhi ya Krismasi, kanisani, nilimwomba Mungu mchungaji ahubiri mpaka jioni. Nadhani ndiyo sala ya pekee ya aina hiyo iliyowahi kupelekwa mbinguni kutoka Soy. Siku hiyo mchungaji alihubiri kwa kifupi.

Barnaba alikuja kwa miguu, amevaa koti la suti lililompwaya, mkononi ana mkate na kilo ya sukari. Miaka mingine mimi na Limo tulibanana kwenye kiti kimoja ili mgeni apate pa kuketi. Mwaka ule hapakuwa na haja. Baba alimwelekeza kiti, naye akabaki amesimama kwa muda, kama aliyejua kilikuwa cha nani, hata Baba akamshika bega akamketisha.

Nilimtilia chai jikoni Mama alipotoka kuchukua kuni. Nikaweka chumvi kwenye kikombe chake, vijiko vitatu vilivyojaa. Nilitaka akasirike, atukane, aondoke kabla hajafungua mdomo kusema mengine. Alipiga funda la kwanza, akasita. Kisha akainywa yote, taratibu, huku akiitikia habari za Baba kuhusu mvua na bei ya mbolea. Nilipokuja kuchukua kikombe aliniambia asante. Chini kabisa palibaki chumvi kidogo isiyoyeyuka.

Kisha nikaleta jagi na beseni. Nilimmiminia maji, akanawa mikono. Baba aliomba kabla ya chakula, akamtaja Limo kwa jina. Mama hakuwa ameketi nasi. Alisimama mlangoni mwa jikoni, bakuli la nyama mikononi, na hapo ndipo alipozungumza na Barnaba kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Nani alipandisha mtoto wangu kwa trela?"

"Ni mimi, Mama. Nilimbeba nikamweka hapo juu."

"Alikuomba?"

Nilikuwa bado nimeshika beseni. Barnaba alinitazama kidogo tu, kisha akamgeukia Mama.

"Hapana. Hakuna mtu aliniomba."

Mama aliweka bakuli mezani mbele yake, akarudi jikoni. Hakutoka tena mpaka Barnaba alipokwenda zake.

Baada ya hapo hakuna mtu wa Soy aliyempa trekta aendeshe. Mama alivuka barabara kila alipomwona sokoni, na mwishowe Barnaba akahama, wala sikusikia alikwenda wapi. Mimi nilidhani amesahau uongo wangu, au alimwogopa Baba. Na nikiri tu kwamba nilifurahi. Jioni ile niliimba nyimbo za Krismasi kwa sauti kubwa kuliko mtu yeyote nyumbani.

Ilibidi binti yangu afikishe miaka tisa, nimwone alivyo mdogo, meno yake ya mbele makubwa kuliko uso, ndipo nikaelewa Barnaba aliona nini alipogeuza macho kunitazama. Neno moja lingemrudishia kazi yake na jina lake. Alikuwa na chai yangu ya chumvi tumboni, na bado hakulisema. Baba aliamini hadi kufa kwake kwamba siku ile sisi ndio tuliosamehe.

Mama alifariki mwaka juzi. Wiki yake ya mwisho aliniambia kwamba amewasamehe watu wote isipokuwa mmoja, na kwamba anaogopa kwenda mbele ya Mungu akiwa hivyo. Akaniomba nimwombee. Nilimshika mkono, nikafumba macho, nikaomba sala ndefu na nzuri, na sikumwambia.