Faili Zilizoitwa Kimya

Sisi tuliofanya naye kazi tulimwita Masijala, kwa sababu alikuwa ameikalia masijala ya ofisi yetu miaka ishirini na saba na hakuna jalada lililowahi kupotea mikononi mwake. Jina lingine lililomfaa ni Mwoga, ila hilo tulilisema akishatoka. Aliogopa lifti, aliogopa mbwa waliofungwa, aliogopa hata bahasha zenye muhuri mwekundu, na hakuona haya kusema. Mimi meza yangu ilitazamana na yake, kwa hiyo nilimtania mpaka nikachoka.

Lakini ilikuwepo hofu moja ambayo sikuitania hata siku moja. Masijala hakuolewa, aliishi na mama yake, wawili tu, mama ana miaka sabini na tisa. Alichokiogopa kuliko vyote ni kwamba siku moja mama atazidiwa katika chumba cha pili, na yeye yuko upande huu wa ukuta, hana habari. Aliniambia hivyo mara nyingi, huku anakoroga chai iliyokwisha kupoa. Nilimjibu kwamba ukuta wenyewe ni wa plaiwudi, angesikia hata mama akigeuka kitandani. Nilisema ili habari ile iishe tuendelee na kazi.

Mdogo wake yuko ng'ambo mwaka wa kumi na moja sasa. Ndiye mziwanda, na mama yao hajaacha kumwita Kitinda ingawa ana mvi kidevuni. Kazi yake ni kiwanda cha friji, na starehe yake ni gitaa. Baba yao, marehemu, alikuwa fundi saa, na alikuwa na wimbo mmoja aliouimba akiwa ameinamia saa za watu. Hakuuandika popote. Kitinda akapata wazo: yeye apige gitaa kule, dada aimbe huku, sauti zikutanishwe kwenye kompyuta, wimbo wa baba usipotee. Akatuma vifaa kwa mtu aliyekuwa anarudi likizo.

Masijala alilitazama lile boksi siku mbili nzima bila kulifungua. Siku ya tatu alipiga moyo konde. Ndani mlikuwa na maikrofoni nene, kisanduku cha chuma chenye vifundo vya kuongeza na kupunguza sauti, hedifoni kubwa na nyaya zilizosokotana. Studio ikawa stoo, chumba kidogo kilichopakana na chumba cha mama. Kitinda alielekeza kwa simu ya video, dada akitoa masanduku, pasi mbovu na cherehani isiyo na sindano, mama amekaa kiti mlangoni anasimamia sanduku lake lisikwaruzwe. Kila waya Masijala aliubandika lebo yenye namba, kama majalada. Kitinda alicheka akasema dada kahamishia ofisi nyumbani.

Kisha wakaziba kelele. Trei za mayai zilipigiliwa ukutani, juu yake mablanketi, na godoro likasimamishwa mlangoni. Ukuta uliotangulia kuzibwa ulikuwa ule wa plaiwudi, upande wa chumba cha mama, kwa kuwa ndio mwembamba kuliko zote. Masijala mwenyewe ndiye aliyegonga misumari. Alinihadithia Jumatatu kwa fahari, na wala mimi, niliyemsikia akiusema ukuta ule miaka yote, sikushtuka.

Jumamosi iliyofuata alivaa hedifoni, akafungua sauti, akazivua na kuzitupa. Ndani ya stoo kulikuwa na mtu anapumua. Aliwasha tochi akamulika chini ya rafu, nyuma ya godoro, kila mahali, na roho mkononi. Hapakuwa na mtu. Akarudisha hedifoni masikioni: sauti ile bado iko, inapanda, inashuka, mwishoni inapiga kimluzi chembamba. Alitoka mbio akaenda kukaa jikoni.

Kitinda alimtuliza kwa simu. Maikrofoni za aina ile, alisema, husikia vitu ambavyo sikio halisikii, bomba linalovuja, pikipiki ya mtaa wa tatu. Hiyo ni friji, dada, niamini mimi ninayeziunda. Akamfundisha dawa yake. Kabla ya kuimba, arekodi sekunde kumi za chumba kitupu, yeye mwenyewe akiwa kimya. Aionyeshe kompyuta kipande hicho, nayo itajifunza kwamba hiyo ndiyo kelele, kisha itaifuta popote itakapoikuta.

Ikafanya kazi kweli. Masijala aliona ni muujiza. Kila siku ya kurekodi alianza na sekunde zake kumi, akazihifadhi kwa tarehe na namba: Kimya 1, Kimya 2, Kimya 3. Kitinda alimwambia akishazitumia azifute. Alijibu kwamba jalada halifutwi.

Waliendelea hivyo kila Jumamosi na Jumapili asubuhi, mama akishakunywa chai na kurudi kujilaza. Siku hizo alikuwa akijilaza mapema. Miguu ilikuwa inamvimba kidogo, wakasema ni uzee. Akikaa mezani hakuwa na neno, alikula, alicheka, alimsema binti yake kwa kuacha taa inawaka. Akilala ndipo alipokuwa na shida, na akilala ndipo binti anapokuwa stoo, nyuma ya blanketi.

Kelele ikazidi. Masijala alizima friji, akazima feni, akafunga maji mpaka kwenye mita, na bado. Jumapili moja Kitinda alikasirika, na simu ilikuwa kwenye spika, mlango wa stoo uko wazi.

"Dada, kinachovuma humo kinaingia mpaka kwenye maneno," alisema. "Tusipokizima, wimbo wa baba hatuumalizi."

Mama akauliza kutoka kitandani kuna nini. Masijala akamjibu kwamba ni kelele tu, Mama, haijulikani inatoka wapi, inatuharibia wimbo. Mama hakuuliza tena.

Jumamosi iliyofuata kelele ilikwisha. Kimya 14 kilikuwa safi, Kimya 15 safi zaidi. Masijala alikuwa ametandika zulia kuukuu sakafuni, kwa hiyo zulia likapewa sifa zote. Kitinda alimsifu, mimi nikamsifu, na wiki hiyo Masijala alipanda lifti.

Jumapili ya wiki ya pili baada ya hapo, saa nne asubuhi, aliimba wimbo mzima bila kukosea, dakika nne na nusu. Kwa kawaida akimaliza huzima papo hapo. Siku hiyo alifurahi akasahau. Alichukua daftari lake kwanza aandike tarehe na namba, hedifoni zimo masikioni, taa nyekundu bado inawaka. Alikuwa ameandika tarehe tu. Masikioni mwake mtu akavuta pumzi kama aliyetoka chini ya maji, akavuta tena, kisha kikohozi kizito kilichozibwa na kitu laini. Akazivua hedifoni. Kwa masikio yake matupu hakukuwa na kitu, stoo imetulia tuli. Akazivaa tena, pumzi ikarudi, inahangaika.

Aliniambia kwamba alijua ni mama kabla hajainuka, na kwamba lile godoro la mlangoni hakumbuki alilisogezaje.

Mama alikuwa amelala chali, mto ameukumbatia usoni. Aliuteremsha mto kidogo alipomwona binti yake, midomo imekuwa ya rangi ya wino.

"Mmemaliza?" aliuliza.

Hospitalini walimwekea oksijeni. Nilifika mchana nikamkuta Masijala kwenye benchi la korido, ana viatu viwili visivyofanana. Daktari, binti mdogo mwenye sauti ya upole, alitaka kujua hali ile ilianza lini, ilizidi lini, kwa sababu kuna maji kwenye mapafu na moyo umechoka, na tiba inategemea ugonjwa ulivyoendelea. Mama alisema juzi tu. Masijala akaniomba niende nyumbani kwake nikalete kompyuta na hedifoni.

Niliingia stoo ile peke yangu. Nilipofunga mlango sikusikia barabara, sikusikia majirani, sikusikia hata viatu vyangu, na nikaogopa, mimi ambaye siogopi ovyo. Nilibeba nilichotumwa nikatoka haraka.

Faili zilikuwa kumi na tisa, zimepangwa kwa tarehe. Daktari alianza kusikiliza amesimama, baada ya faili ya tatu akavuta kiti. Aliandika. Hapa imeanza, alisema, hapa ni wiki ya tano, hapa maji yameongezeka. Akafika Kimya 14 akainua uso, akaongeza sauti, akarudia.

"Hapa alipata nafuu?"

"Hapo alikuwa anajiziba na mto," Masijala alisema.

Daktari alivua hedifoni akaziweka mapajani. Baadaye alisema kwamba faili zile zimemsaidia sana, na kwamba kama wangechelewa hata wiki moja asingekuwa na la kusaidia. Alikusudia kufariji. Masijala alirudi koridoni akakaa, akanishika mkono kwa nguvu hadi ukaniuma.

"Niliifundisha mashine imfute mama," aliniambia. "Kila wiki. Niliirekodi pumzi yake, nikaionyesha, nikaiambia hiki ndicho cha kufuta."

Nilikuwa nakumbuka zile trei za mayai, na mimi nilivyomsikiliza bila kushtuka.

Mama alirudi nyumbani baada ya siku kumi na mbili, na vidonge vya aina nne, na amri ya kulala akiwa ameegemea mito mitatu. Daktari hakuficha: moyo ule hautarudi ulivyokuwa, watauangalia siku hadi siku. Masijala alizibandua trei zote na mablanketi, akawa analala chumba cha mama, sakafuni, juu ya lile godoro. Kazini alianza kushtuka kila simu ilipoita, na safari hii hakuna aliyemtania. Stoo hakutaka kuiona. Kitinda naye alisema gitaa analitazama tu.

Aliyeutaka wimbo ni mama. Alisema amevumilia kusikia vipande vipande vya mume wake miezi miwili, na hana nia ya kuondoka duniani na wimbo nusu. Binti yake alimwomba asiseme hivyo. Akasema tena.

Basi Jumamosi moja nilikwenda kushika simu. Masijala alihamishia maikrofoni chumbani kwa mama, mguu mmoja wa kitanda na waya namba tatu vikigombania nafasi. Mama ameegemea mito yake, amechana nywele. Kitinda yuko hewani, amekaa na gitaa kwenye chumba chenye dirisha dogo. Masijala alivaa hedifoni, taa nyekundu ikawaka, akaanza na zile sekunde kumi kama kawaida.

Sekunde zikapita. Nikamwona uso unamkauka. Alibonyeza hedifoni kwa mikono miwili, akaongeza sauti, akaongeza tena, hasikii kitu. Aligeuka. Mama ameikazia macho taa nyekundu, midomo ameibana, mashavu yamejaa.

"Mama, pumua," Masijala alisema.

Mama alitikisa kichwa akaonyesha maikrofoni kwa kidole. "Nitawaharibia," alisema harakaharaka, akabana tena.

Simu ilikuwa mkononi mwangu, na sauti ya Kitinda ilitoka ndogo, haina nguvu.

"Mama, hatuanzi mpaka tukusikie."

Tukangoja. Mama alimtazama binti yake, akaitazama simu, akawa kama mtu aliyekamatwa na kosa. Halafu mashavu yakashuka. Mimi sikusikia kitu, nilikuwa mbali. Lakini nilimwona Masijala amefumba macho, na kidole chake juu ya meza kikaanza kugonga polepole. Alihesabu pumzi nne, ndipo akaanza kuimba.