Teke la Namahoro

Enzi zetu pale mjini Baraka, mtoto wa Taekwondo ulimjua kwa mchanga. Mchanga masikioni, mchanga kwenye nywele, mchanga hadi ndani ya ugali wa muhogo. Mama zetu walitukung'uta mlangoni kama mikeka kabla hatujaingia ndani. Mazoezi yalikuwa ufukweni mwa ziwa, alfajiri kabla ya shule, saa ile mitumbwi ya ndakala, dagaa wa kwetu, inarudi, na wavuvi walitucheka mpaka wakasahau kufunga kamba.

Wewe uliyekuwa klabuni, najua umeshaanza kutabasamu. Unakumbuka sare? Mama alinishonea yangu kwa magunia meupe ya unga wa msaada, na hata angeyafua vipi, maandishi hayakutoka. Kila nilipoinama kumsalimu mpinzani, waliokaa nyuma yangu walisoma kwa Kifaransa kwamba mzigo huu hauuzwi. Ngao za kifua zilikuwa jile, zile fulana za kuelea, tulizoazima kwa wenye mitumbwi, zikinuka samaki kiasi kwamba paka walitufuata hadi shuleni. Shabaha ya kupigia mateke ilikuwa kambambili ya mwalimu wetu, tuliyemwita Maître kama wanavyoitwa kwetu walimu wote wa michezo ya kupigana. Aliivua, akaiinua juu ya kichwa chake, akasimama mguu mmoja peku mchangani. Nikiikosa, ufuko mzima ulisikia: "We Riziki, muguu ile iko ya kupiga ao ya kusalimia bantu?"

Niliupenda mchezo ule hadi nikawa napiga mateke usingizini, na dada yangu tuliyelala kitanda kimoja akahamia mkekani.

Balaa lilikuwa baba. Baba alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa suti hata jua likichoma, na hakuweza kuvumilia habari ya binti yake kurusha miguu hewani.

"Mu Baraka hii yote," alisema kila jioni, "nani ataoa musichana wa kunyanyua muguu mupaka ku kichwa?"

"Ataoa ule anajua kuinama," mama alimjibu kutoka jikoni.

Mashindano yangu ya kwanza yalikuwa Uvira, na yalinipa aibu kubwa. Sisi tuliozoea mchanga tulikuwa tumejifunza kung'oa mguu kwa nguvu zote, maana mchanga unakushika. Kule wakatuweka kwenye sakafu ngumu. Nikang'oa mguu kama nilivyozoea, ukapaa, ukanizungusha mzima, nikajikuta nimekaa chini nawatazama watazamaji huku mpinzani yuko nyuma yangu. Sikuwa nimeguswa na mtu. Wenzangu nao walianguka mmoja mmoja, na tukarudi Baraka juu ya lori.

Habari ilitangulia kufika nyumbani. Baba akaweka sharti lake.

"Mashindano ya hapa Baraka nitakuja kuona na macho yangu. Ukishinda, endelea. Ukipigwa, inakwisha, utabaki kusaidia mama yako ku ndakala."

Kugeuza ndakala juani si kazi mbaya, lakini haina mateke. Niliona maisha yangu yote yamening'inia kwenye pambano moja.

Siku yenyewe, kwenye ukumbi wa mji, nikapangiwa Namahoro, msichana wa Minembwe. Klabu yao ilikuwa imeshuka kwa miguu kutoka milimani, ikipitia Bibokoboko, na watoto wa sokoni walishaeneza kwamba watu wale wamelelewa kwa maziwa, mifupa yao haivunjiki. Namahoro alikuwa mrefu, mpole wa uso, na mapaja ya mtu aliyepanda milima tangu azaliwe. Nilimwogopa sana. Lakini pambano lilipoanza, ajabu, mambo yakaniendea vizuri. Nilikuwa mbele kwa pointi. Nikamwona baba mstari wa kwanza, kakunja mikono, uso umeanza kulegea kidogo.

Muda ukikaribia kwisha nikapiga teke la pembeni, Namahoro akayumba, akaangukia goti moja.

Sasa nyie mliokulia Baraka mnajua mtu akianguka kwetu inakuwaje. Mtu akijikwaa ng'ambo ya barabara, barabara nzima inasema pole. Mama alikuwa ametutia jambo hilo kwenye damu: "Mutu akianguka, usisimame tu kumuangalia. Sema pole, umuinue." Mwamuzi alikuwa hajasimamisha pambano. Mimi nikashusha mikono, nikainama, nikamnyooshea mkono.

"Pole, dada," nikamwambia.

Namahoro akaushika mkono wangu, akasimama, akajipangusa goti.

"Asante, dada," akasema, halafu akanipiga teke la kichwa.

Niliona nyota mchana kweupe. Pointi zake zikanipita, filimbi ikalia, na ukumbi ukavunjika mbavu. Maître alijifunika uso kwa ile kambambili.

Nilirudi nyumbani nikimfuata baba kwa nyuma, ndani ya sare yangu ya magunia, nikilia bila kujificha. Kwa umri ule sikuwa nimewahi kupoteza kitu kikubwa hivyo. Tulipofika katikati ya soko, baba akasimama ghafla mbele ya wauza mihogo.

"Ule mutoto hana adabu!" akafoka. "Unamuinua, anasema asante, kisha anakupiga? Asante gani ile?"

Wauza mihogo wakageuka wote. Nikafuta machozi kwa mkono wa sare.

"Kesho asubui unarudia mazoezi," akasema. "Hatuwezi kuacha vile."

Nililisikia lile *hatuwezi*, nikakaribia kucheza pale pale sokoni.

Tangu hapo mzee wa kanisa akawa anakuja ufukweni, suruali ya suti imekunjwa hadi magotini, ameinua kiatu chake cha ibada nikipige mateke. Wavuvi walikufa kwa kicheko. Ni yeye aliyeokota mbao za mtumbwi uliovunjika akazipanga mchangani, ili tuzoee kusimama pagumu. Msidhani tulianza kushinda mara moja. Nilipigwa tena Uvira, nikapigwa na msichana wa Kilembwe aliyekuwa mfupi hata mateke yangu yakawa yanapita juu ya kichwa chake, nikateguka kifundo cha mguu nikaingia darasani nikiegemea fimbo. Kila nikipigwa, baba alikuwa na swali lake: "Na ule wa Minembwe, tunapanda lini?"

Mwishowe tukapanda. Tulitembea hadi miguu ikakataa, tukalala njiani kwa watu, tukafika juu kwenye baridi ambayo sisi watoto wa ziwa tulidhani ni ugonjwa. Pambano lilikuwa kwenye majani, ng'ombe wakitazama. Namahoro aliponiona alicheka, nami nikacheka, kisha tukapigana kwelikweli. Tulikuwa sawa hadi pumzi za mwisho, mguu wangu ulipopita juu ya bega lake ukamgusa kichwani. Baba aliruka, akaanza kuimba wimbo wa Pasaka kwa sauti yote, ingawa Pasaka ilikuwa imepita zamani. Mama yake Namahoro akanimiminia maziwa, akaniongeza, akaniongeza tena, mpaka sikuweza kuinama kumsalimu mtu.

"Mi moja, we moja," Namahoro aliniambia, mdomo umevimba. "Mwaka ijayo tutashuka kwenu, tumalize."

Mwaka uliofuata vita vilizuka kati ya watu wetu wa ziwani na wao wa milimani, njia ikafungwa kwa bunduki. Uliofuata vilevile. Hawakushuka.

Leo ni mimi ninayeitwa Maître, na wasichana wangu wanafanya mazoezi ndani ya nyumba yenye bati na mikeka laini. Sare zao zimetoka dukani. Wanakuja kwa pikipiki kutoka nyumba ya tatu. Kabla ya kunyoosha msuli lazima wapigane picha, na manyunyu yakidondoka tu, simu inalia: "Maître, leo iko baridi." Baridi! Mimi nacheka hadi nakaa chini. Lakini mateke yao, niseme kweli, ni mazuri kuliko yetu.

Juzi niliwasimulia habari za Namahoro. Walicheka vizuri, wakataka nirudie ile asante. Halafu mdogo wao, aliyewajua watu wa milimani kwa habari za vita tu, akauliza, bila ubaya wowote: "Maître, ulikunywa maziwa ya bantu ba kule juu? Haukuogopa?"

Niliumia, ndugu zangu, kuliko siku ile ukumbini. Nikamjibu kwamba niliogopa mguu wa Namahoro tu, na kwamba siku nikisikia njia imefunguka, na tumbo langu hili na magoti haya, nitapanda tena hadi Minembwe nikapigwe teke lingine.