Magodoro ya Mzee Eisaku

Watu wa mtaa wetu wanasema Tokie alimtupa mumewe. Wanayasema hayo wakiwa kwenye foleni ya samaki, kisha wananigeukia mimi, dobi, maana wanajua nilikuwepo. Huwa nawajibu kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, halafu nachukua samaki wangu naondoka. Wananiudhi.

Nyumba yao ya wageni, Tsubakiya, inatazamana na duka langu hapa mjini Matsue, kwenye kichochoro cha nyuma ya mfereji wa ngome. Ina vyumba vitatu juu, jiko na chumba cha kulia chini, na bafu moja ambalo wageni huoga kwanza, wenye nyumba mwisho. Tokie alipika. Mumewe, Mzee Eisaku, alitandika. Miaka yote niliyowafulia shuka sikuona mtu mwingine akigusa magodoro yale. Wageni wakiwa chini wanakula, yeye alipanda kimya kimya, akayatoa kabatini, akayalaza juu ya mikeka, akanyoosha shuka mpaka lisibaki na kunyanzi hata moja, akashuka. Mgeni aliporudi chumbani alikuta pa kulala pameshatandikwa, wala hajui na nani. Eisaku alijivunia kazi hiyo kuliko alivyojivunia binti yake.

Asubuhi moja, mwishoni mwa vuli, nilikwenda kuchukua shuka nikamkuta Tokie amekaa ngazini, jiko hajaliwasha.

"Hatsue," akaniambia, "jana kawatandikia mafundi wa umeme vichwa kaskazini."

"Wote?"

"Wote. Nimewahi kuyageuza magodoro kabla hawajamaliza kula."

Kwetu anayelazwa kichwa kaskazini ni maiti, akisubiri jeneza. Hata mtoto analijua hilo. Tukihamia nyumba mpya tunauliza kwanza kaskazini iko wapi. Mtu kusahau jina la jirani, sawa, hata mimi nasahau. Lakini Eisaku kusahau hili? Niliogopa, na kwa kuwa niliogopa nikafanya mzaha.

"Labda kawachoka. Wale mafundi wanakoroma mpaka kwangu wanasikika."

Tokie alicheka kidogo, akaenda kuwasha jiko.

Tangu siku hiyo mumewe akipanda kutandika, naye alimfuata na chupa ya chai kama kisingizio. Jioni moja nilikuwa chini napanga shuka safi nikawasikia.

"Mama Nahomi, unanifuatafuata nini? Mimi mwizi?"

"Nimeleta chai tu, baba Nahomi."

"Chai ya nani? Wageni wako chini wanakunywa. Wewe unanichunguza."

"Nikuchunguze una nini? Mzee mzima, magoti yanalia kama mlango mbovu."

Eisaku alipenda kutaniwa magoti yake. Alicheka, akashuka akiwa bado anacheka, na Tokie akabaki juu anageuza magodoro peke yake. Si mepesi yale, na mgongo wake ulikuwa umeshachoka.

Nahomi, binti yao, anaishi Hiroshima. Alikuwa amempatia baba yake nafasi katika nyumba ya kutunzia wazee karibu naye, na kila wiki alipiga simu kumsihi mama yake akubali. Mimi sikumpenda Nahomi miezi ile. Naye hakunipenda, aliniona ndiye ninayemjaza mama yake maneno. Mwaka mpya alipokuja, aliyasema mbele yangu.

"Mama, unapika, unaosha, unamlinda baba. Utaanza kuanguka wewe."

"Akitoka humu atakuwa nani?" Tokie akauliza. "Huko watamtandikia wao. Atakaa tu?"

"Haya. Abaki. Lakini siku mgeni mmoja akiondoka humu kwa ajili ya baba, sitakuuliza tena. Nakuja na gari."

Tokie akakubali. Nilimwona akikubali kwa kichwa tu.

Ukafika mwezi wa pili na mtihani wa kuingia chuo kikuu. Kila mwaka Tsubakiya hupata mtahiniwa mmoja au wawili, na wiki ile mtaa mzima hatutamki "kuteleza" wala "kuanguka" mbele yao, hata theluji ikiwa imejaa mlangoni. Mwaka huu alikuja binti mmoja na mama yake, Bi Kuramoto, kutoka mji mmoja wa milimani. Tokie aliwapikia vitu laini, kwa kuwa binti hakuwa na hamu ya chakula kwa hofu ya mtihani.

Binti alishindwa kula. Aliweka vijiti chini, akaomba radhi, akapanda chumbani mapema. Tokie alikuwa jikoni na samaki motoni, hakumwona akitoka. Mimi nilikuwa mlangoni na kapu langu. Nilimwona binti akipanda, na sikujua kwamba Eisaku yuko juu.

Kidogo tu akashuka. Alikaa kwenye ngazi ya mwisho, uso mweupe, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, kuna babu anatandika. Kanitandikia kaskazini."

Bi Kuramoto alipanda, akarudi na hasira. Eisaku alimfuata nyuma, shuka likiwa begani. Tokie alitoka jikoni, akaona nyuso zetu, akaelewa. Alipiga magoti akagusisha paji la uso sakafuni.

"Kesho mwanangu ana mtihani," Bi Kuramoto alisema. "Mwaka mzima hajalala kwa ajili ya kesho. Nanyi mnamtandikia cha maiti?"

Eisaku alimtazama yule mama, kisha akamtazama binti anayelia. Huruma ilimjaa usoni. Aliweka shuka chini, akaunganisha viganja, akainama mbele yao kama tunavyofanya nyumba yenye msiba.

"Poleni sana," akasema. "Alikuwa bado kijana?"

Bi Kuramoto alifunga mizigo, akamshika binti mkono, wakatoka kwenye theluji kutafuta hoteli karibu na stesheni. Nilimchukia mwanamke yule. Nilijua pia kwamba angekuwa mwanangu, ningefanya vilevile.

Malalamiko aliyaandika kwenye simu, pale watu wanapozitolea nyumba za wageni alama. Nahomi aliyasoma kabla Tokie hajapata hata nguvu ya kumweleza. Hakugomba. Alisema tu kwamba nafasi ya baba bado ipo, na kwamba atakuja Jumapili. Wiki ile Tokie alifunga nyumba, na kila asubuhi aliniuliza kama nimesikia lolote juu ya yule binti, kama alifaulu. Ningesikia wapi? Mpaka leo hatujui.

Jumapili Nahomi alifika na gari. Tokie alimvalisha mumewe koti lake zuri, akamfunga skafu, akamwambia wanakwenda Hiroshima kwa Nahomi. Alisema "tunakwenda", na yeye hakuwa anakwenda. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu na kapu. Sikuweza kuingia ndani wala kutazama kwingine.

Hapa kwetu mgeni akiondoka, wenye nyumba hutoka mpaka barabarani, huinama, hawainuki mpaka gari likate kona. Eisaku alitoka na mkewe. Aliona gari linanguruma, mlango wazi, begi nyuma. Akaenda akasimama kando ya lango, upande wa kushoto wa mkewe, pale aliposimama siku zote. Akarekebisha kola, akaweka mikono mapajani, akainama.

"Baba, ingia," Nahomi alisema.

Hakusogea. Alimnong'oneza mkewe, lakini mtaa ulikuwa kimya na nilimsikia. "Mgeni yuko wapi, mama Nahomi? Anachelewa."

Nahomi alianza kulia, akageukia upande wa usukani. Tokie alimgeukia mumewe.

"Mgeni ni wewe, baba Nahomi."

Eisaku alifikiri. Kisha akatoka pale kando yake, akaenda akasimama mbele yake, kule wanakosimama wageni, akainama kwa adabu kabisa.

"Nimetunzwa vizuri sana, mama mwenye nyumba," akasema. "Hapa kwenu pazuri."

Akaingia garini mwenyewe. Nahomi akamfunga mkanda.

Gari liliondoka, likapita duka la samaki, likakata kona ya mfereji. Tokie alikuwa ameinama. Nilivuka kichochoro nikasimama karibu naye. Hakuinuka.

"Tokie, gari limeshapinda," nikamwambia.

"Najua," akasema. "Ngoja kwanza. Asije akageuka asituone."

Nikaweka kapu chini, nikainama naye.