Nilijivunia Mtoto Asiyelia

Nimekosa jamani, na anayelipa si mimi. Anayelipa yuko hapa kwenye mkeka. Ana miaka sita na hajui kuniita baba.

Jina lake nalificha. Langu halina maana.

Shule niliiacha darasa la tano, nikaanza kuzurura. Igalula, Urambo, Uvinza, Kigoma, kote nimelala. Nikikuta kitu, lazima niulize. Nyuki wanamjuaje malkia wao? Wapagazi wa zamani walikunywa maji gani kutoka huku Tabora mpaka Ujiji? Wazee walinichoka! Niliuliza kila kitu isipokuwa kimoja: mbona mwanangu halii?

Maana alikuwa halii! Ukimlaza, analala. Ukimbeba, analala. Ukimwamsha anyonye, analala na titi mdomoni. Mama yake akawa na wasiwasi. Mimi nikafurahi, Mungu anisamehe. Nikawa natamba kwenye kituo cha treni kwa wachuuzi wenzangu: "Wenu wanawakesha, wangu mstaarabu!"

Aliyeona mapema ni bibi yake mke wangu. Huku kwetu bibi wa mkeo ni mtani wako. Anakuita mume wake, mnatupiana maneno, hakuna kukasirika. Siku moja alikuwa amempakata mtoto, anamshikashika miguu.

"Mume wangu, hiki ulichotuletea ni mtoto au chatu aliyemeza mbuzi? Kulala tu! Na miguu ya baridi kama mtungi."

"Amekurithi wewe, bibi. Si ndiyo kazi yako, kulala?"

"Mimi nimechoka kuzaa. Yeye kachoka na nini?"

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Yeye hakucheka. Niliona kabisa kwamba hacheki, nami nikaendelea kucheka!

Baadaye mke wangu alimpeleka kliniki. Nesi akaona macho bado ya manjano, ulimi umejaa mdomoni, kitovu kimetokeza. Akasema apelekwe hospitali kubwa mjini Tabora akapimwe damu, upesi. Mke wangu alirudi akanieleza kabla hata hajamshusha mtoto mgongoni. Mimi nilikuwa nafunga ndoo za asali niende kuuza Dodoma.

"Usimtoe mtoto mpaka nirudi," nikasema. "Manesi wanapenda kutisha watu."

Amri ya baba! Akatii. Laiti angenikaidi!

Sikurudi. Dodoma ikawa Morogoro, Morogoro ikawa Dar. Nikipiga simu nauliza, "Analia?" Mama yake ananijibu kwa sauti ndogo, "Halii." Naridhika, nakata.

Ilipita karibu miaka miwili. Niliporudi, watoto waliozaliwa pamoja naye walikuwa wanafukuza kuku uani. Wangu alikuwa hata hajakaa. Ndipo tukaenda mjini.

Daktari alitueleza taratibu. Kuna tezi shingoni, inaitwa thairoidi. Ndiyo inayotoa homoni ya kuuchangamsha mwili na kuukuza ubongo wa mtoto. Ya mwanangu ilikuwa dhaifu tangu kuzaliwa.

"Lakini hana rovu, daktari! Shingo haijavimba!"

"Si kila tezi iliyolegea inavimba."

Nikauliza mengi, kama nilivyozoea. La mwisho niliuliza kama dawa itamrudisha alipopaswa kuwa.

"Angeanza wakati ule nesi alipowaambia," akasema, "huenda leo angekuwa anakimbia na wenzake."

Sasa kila asubuhi, kabla hajala kitu, tunasaga kidonge kidogo, tunakichanganya na maji, tunamnywesha kwa kijiko. Kisha tunasubiri ndipo apate uji. Itakuwa hivyo maisha yake yote. Mwili umepata joto, choo anapata, anatembea akishika ukuta. Siku hizi hata kulia analia. Maneno ndiyo hayaji, na daktari hakutudanganya kwamba yatakuja. Dawa ikiadimika madukani nazunguka mji mzima kama mwendawazimu. Nawaza: mimi na mama yake tukifa, nani atamsagia?

Sizururi tena. Treni ikipiga honi miguu inaniwasha, nakaa. Mke wangu hajanilaumu hata siku moja. Hilo nalo linaniua!

Bibi yu hai. Nilimwendea kuomba msamaha, nikapiga magoti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Nikajaribu kumchokoza kama zamani. "Mke wangu, umeninunia?"

Akanisogezea kigoda. "Karibu ukae, baba."

Baba! Tangu siku hiyo hajanitania tena.

Wenzangu mlio na vichanga, mtoto anayelala kupita kiasi na halii, huo si ustaarabu. Mpelekeni akapimwe leo, msingoje mtu arudi safari. Na bibi akikutania juu ya mwanao, cheka ukipenda, lakini ukimaliza kucheka nenda ukamshike mtoto miguu.