Viatu Chini ya Pazia

Mimi ni mpishi, si mtu wa hadithi. Lakini habari ya Rispa inasimuliwa ovyo na watu wa Mbita ambao siku hiyo hawakuwepo, na mimi nilikuwepo, tena na sufuria kichwani. Kwa hivyo wanyamaze kidogo.

Rispa ndiye anayeongoza wageni msituni hapa kwetu, kisiwani Mfangano. Ukishuka kwenye boti pale Sena ukasema unataka kuonyeshwa msitu wa mlimani, utaambiwa umngoje mama mwenye gambuti nyekundu na mwanya. Zamani alikuwa akianika omena, wale dagaa wa ziwani, kama sisi wote. Mume wake alipofariki akaanza kupanda mlimani kuokota kuni, na kwa kuwa huyo mwanamke hajui kunyamaza, aliwaeleza wenzake kila mti na kila ndege mpaka wakachoka naye. Kikundi cha kutunza msitu kilipotafuta mtu wa kutembeza wageni, wale wanawake wote walilitaja jina lake kwa sauti moja. Nadhani walitaka tu awaondokee.

Kazi anaiweza, lakini ni mtundu kupita kiasi. Kuna mkuyu mkubwa njiani, na kila mgeni lazima ausalimie shikamoo kabla ya kupita. Nimeona watu wazima wenye kamera za bei wakiuinamia mti. Hakuna mila kama hiyo Mfangano nzima, aliitunga yeye mwenyewe siku moja akiwa amechoka. Nilipomuuliza kwa nini anawafanyia watu hivyo, alisema wanapenda. Mimi humfuata nyuma na chakula cha mchana, maana hicho ndicho changu, pamoja na kahoteli kangu pale ufukweni.

Sasa lazima uelewe jambo moja, la sivyo utacheka pasipofaa. Huku kwetu mtu na mama mkwe wake hawazoeani. Waluo humwita maro, na maro ni mtu wa kuogopwa. Hamshikani mikono, hamli pamoja, na ukimwona njiani unaingia kichakani apite. Sisi Wakuria tuna yetu ya namna hiyo hiyo, na mimi nilizaliwa Kehancha nikaolewa kisiwani, kwa hivyo aibu za pande zote mbili nazijua. Kijana akija kujitambulisha, mama ya msichana hukaa jikoni. Anasikia sauti, basi.

Dorine, binti mkubwa wa Rispa, alipoletewa mchumba, Rispa alikaa jikoni nyuma ya pazia kama inavyotakiwa. Alichokiona ni viatu, chini ya pazia. Vyeusi, vimepigwa rangi vikang'aa, viatu vya mtu wa heshima. Akaridhika. Halafu asubuhi moja Dorine akarudi kwa boti, jicho limevimba likafumba na mkono umefungwa kwa leso. Rispa hakulia mbele ya mtoto. Alikuja kulia kwangu hotelini, akaniambia, “Nyasuguta, mimi nilimwoza mtoto wangu kwa viatu.”

Ndiyo sababu Liz, mdogo wake Dorine, anayeuza dawa katika duka moja Mbita, alipomwambia ana mchumba wa Kehancha anayetibu ng'ombe, jina lake Wangwe, Rispa aliapa. “Huyu nitamwona mzima mzima kabla hajawa mkwe wangu. Nisiporidhika, Liz haendi.” Na usidhani Liz ni wa kubembelezwa. Naye alisema mama akimkataa huyo, hataki mwingine, atazeeka hapo hapo kaunta akiuza dawa ya kikohozi. Yawa! Mama na mtoto, vichwa vya mawe.

Basi siku moja Liz akapiga simu. Wangwe na wenzake wa kazini wanakuja kutembea msituni. “Mama, tafadhali, siku hiyo usiende kazini. Msije mkakutana njiani ikawa aibu.”

“Siku hiyo nina matanga Muhuru Bay, mwanangu,” Rispa akamjibu kwa sauti ya huzuni kabisa. “Sitakuwepo hata kisiwani.”

Hakukuwa na matanga yoyote. Hata mgonjwa hakuwepo.

Asubuhi ya siku yenyewe alikuja ufukweni na beji ya mwenzake, imeandikwa Phanice. Hiyo tu. Gambuti zile zile, mwanya ule ule, ati amejificha. Kikundi kikashuka, vijana wa Kehancha, wa mbele wao akiwa Jeff, kijana mwenye mdomo usiofungwa na simu mkononi, anayemtaja kila mwenzake kwa jina anaposhuka. Wangwe alishuka mwisho, mrefu, mpole, raba nyeupe miguuni. Rispa akawakaribisha kwa kicheko chake kile cha kuamsha kuku. Wangwe akainua macho, akauona mwanya. Akauangalia tena. Halafu akashusha macho mchangani, akarudi nyuma ya wenzake wote, karibu aingie majini.

Mimi nilijua pale pale. Liz na mama yake ni uso mmoja, na simu ya Wangwe bila shaka ilijaa picha za Liz. Kijana amemtambua maro wake, na sasa anafanya heshima. Mbona sikumwambia Rispa? Heh! Siku nzuri namna ile niiharibu mapema hivyo?

Tukaanza kupanda. Jeff alikuwa ubavuni mwa Rispa, anauliza, anacheka, anampiga picha. Wangwe alikuwa mwisho kabisa, karibu na mimi, na kila Rispa akigeuka, yeye anatazama majani. Tulipofika kwenye mkuyu, Jeff akapiga magoti kabisa kuusalimia. Wangwe akasema shikamoo kutoka mbali, uso umegeukia upande mwingine.

“Ana dharau,” Rispa akaninong'oneza. “Ameona mimi ni mama wa kijijini. Hata uso hanipi.”

“Labda ana aibu,” nikasema.

“Aibu ya nini? Mimi kwake ni Phanice.”

Halafu akaleta mtihani wake. Kuna mti umeanguka huko juu, na wakati wa mvua siafu hawakosi pale. Rispa aliwasimamisha hapo hapo, akaweka kidole mdomoni. “Tulieni kabisa. Hondohondo yuko juu.” Mimi nilishasimama kwenye jiwe, sikuzaliwa jana. Alikuwa ameniambia mapema kwamba mwanamume akiingiwa na siafu hawezi kuigiza adabu, kilicho moyoni kinatoka.

Kikatoka kweli. Jeff alishusha suruali mbele yetu, akawatukana siafu, akautukana mlima, akamtukana na hondohondo ambaye hakuwepo. “Wasee, nakufa! Aki nakufa!” Wenzake wakarukaruka kila upande. Wangwe alikunja uso, akageuka polepole, akatembea kama mzee anayetoka kanisani mpaka nyuma ya mti wa mbali. Tuliona matawi yakitikisika kwa muda mrefu sana. Neno hatukusikia hata moja. Mimi nilicheka mpaka ugali ukataka kuanguka.

Rispa hakucheka. “Umeona? Anaweka ndani. Yule wa Dorine pia alikuwa kimya, hakuinua sauti hata siku moja mbele ya watu.”

Hapo kicheko kikaanza kunikauka. Na chakula ndicho kilichoharibu kila kitu. Niliwapakulia ngege wa kukaanga na ugali wa wimbi, Rispa akakaa nao duara moja. Wangwe akasema asante, ameshiba. Tangu Mbita hajala, ameshiba nini? Akaenda kukaa nyuma ya mwamba, mgongo wake kwetu. Basi Rispa akaweka tonge chini, akaniinamia sikioni.

“Samaki wetu amekuwa sumu? Namkataa huyu. Tukishuka tu nampigia Liz simu. Heri anikasirikie akiwa na macho yote mawili.”

“Rispa, ngoja kwanza nikwambie kitu.”

“Usiniambie. Wewe ni Mkuria, unatetea watu wenu.”

Nikakasirika, kusema kweli. Na nikaogopa pia, maana namjua Rispa, akishasema kitu simuni hakirudi. Nilipojaribu tena aliniambia nifunge sufuria twende. Utani wangu ulikuwa umeiva mpaka ukaungua.

Njia ya kushuka inavuka kijito, na mvua ya jana yake ilikuwa imekijaza. Mawe yalikuwa yanateleza kama bamia. Rispa akasimama ukingoni akiwavusha mmoja mmoja kwa kuwashika mkono. Jeff akavuka, wenzake wakavuka. Wangwe hakusogea.

“Pita!”

“Nitangoja,” Wangwe akasema, anaangalia miti.

“Unaogopa maji? Kijana mzima?”

“Pita wewe kwanza, mama.”

Rispa akafyonza, akageuka kwa hasira amwonyeshe jinsi maji yanavyovukwa na watu wasio na maringo, na gambuti ikakanyaga jiwe baya. Puu! Akaketi majini, sketi imepanda magotini, mguu mmoja umebanwa katikati ya mawe, maji yanamsukuma. Ng'ambo ile Jeff alikuwa amewasha simu kumchukua video. Mimi mikono yangu yote ilikuwa kwenye sufuria.

Wangwe aliniangalia mimi. Aliangalia maji. Kisha akachukua fimbo yake ya kutembelea, akashuka mpaka maji yakamfika kwenye magoti, akageuza uso wake kabisa kule tulikotoka, akamnyooshea Rispa ncha ya fimbo. Si mkono. Ncha ya fimbo.

Rispa aliishika. Akavutwa taratibu, akatoka, akasimama ukingoni anadondosha maji. Mgeni humpa mwongozaji mkono, hilo kila mtu anajua. Kuna mtu mmoja tu duniani anayeweza kukuokoa kwa fimbo huku akiangalia upande mwingine. Nilimwona Rispa akiitazama ile fimbo, akazitazama raba nyeupe zilizojaa matope. Akavuta leso yake, akajifunika kichwa chote.

“Nyasuguta,” akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake. “Huyu ananijua.”

“Tangu ufukweni.”

“Na wewe ulijua?”

“Ulisema natetea watu wetu.”

“Mungu wangu! Nimemwonyesha magoti! Nimemtia siafu suruali nzima!” Akakimbia nyuma ya kichaka, akakaa huko.

Sasa ikawa kazi. Upande wetu wa kijito kuna njia ya mkato anayoijua yeye peke yake, na hawezi kutoka kichakani. Wengine walishavuka, nikawaambia wafuate kijito mpaka ufukweni, hawapotei. Tukabaki watatu, mimi katikati, Rispa akitembea ndani ya miti upande mmoja, Wangwe upande mwingine, na mimi nikipeleka maneno ambayo kila mtu aliyasikia vizuri kabisa.

“Mwambie mgeni ashike kushoto,” kichaka kikasema.

“Shika kushoto.”

“Mwambie nimeshasikia,” Wangwe akasema.

Tukaenda hivyo. Kisha sauti ya kichaka ikaacha mzaha. “Mwulize, akikasirika hufanya nini.”

Sikuhitaji kumuuliza. Wangwe alijibu mwenyewe. “Mwambie huwa natoka nje kupasua kuni.”

“Mwulize, na kuni zikiisha?”

“Mwambie huu msitu wenu ni mkubwa.”

“Mwambie huu msitu haukatwi!” Rispa akafoka, na matawi yakatikisika, na nikajua anacheka.

Wangwe naye alicheka kidogo, halafu akaacha. “Shangazi, mwambie hivi. Liz alinieleza yaliyompata dada yake. Ningekuwa na binti kama yule, siafu ningewaleta mimi mwenyewe, na nyuki juu yake. Mkono wangu hautapanda juu ya Liz. Sina maneno mengine.”

Mimi sikurudia. Nani angeweza? Kutoka upande ule wa miti nilisikia mtu anapenga kamasi kwenye leso, na mpaka tunafika ufukweni aliagiza kushoto na kulia kwa sauti ya mafua.

Boti ilikuwa bado. Nikamkaribisha Wangwe hotelini, akakaa kwenye benchi. Rispa akaingia kwa mlango wa nyuma, akakaa jikoni juu ya mtungi wa plastiki, nyuma ya pazia langu la maua. Chini ya pazia zilionekana raba zilizokuwa nyeupe asubuhi. Moja ilikuwa imefunguka mdomo mbele, kidole kinachungulia. Rispa aliziangalia kwa muda mrefu.

“Hajala tangu asubuhi,” akaninong'oneza. “Mpelekee yule ngege mkubwa. Mzima, na kichwa.”

Nikampelekea. Akaosha mikono, akala, na njaa yake ilisikika hadi jikoni. Rispa alikuwa ameziba mdomo kwa leso ili asicheke wakati simu yake ilipolia. Ilikuwa Liz. Simu ile ya Rispa ina kelele, kila mtu hotelini alimsikia.

“Mama, pole na matanga. Yameendaje huko Muhuru Bay?”

Rispa akazitazama tena zile raba, machozi yanamtiririka na mwanya wote uko nje.

“Tumezika salama, mwanangu,” akasema. “Tumemaliza kabisa. Mwambie huyo kijana wako aje Disemba na wazee wake. Na mwambie anunue viatu, hivi nimeviharibu.”

Upande wa pili wa pazia Wangwe alikabwa na ugali, nikalazimika kumkimbilia na maji.