Nilivyotoka ndani na liwa usoni kukataa chandarua kisichoshika moto

Salaam wakuu. Leo mpisheni bibi yenu asimulie. Nachapa mwenyewe kwa kidole kimoja, kwa hiyo typo mtanivumilia, lakini chumvi sitii.

Ni Kibokoni, Mombasa, miaka ya sitini. Mimi ni mwari, nimewekwa ndani nasubiri harusi.

Kwa wasiojua: mwari hatoki, hapazi sauti. Kazi yake ni kusingwa liwa, ule msandali wa kulainisha ngozi, na kunyamaza. Kunyamaza mimi sikujaliwa.

Nyumba ya jirani ilikuwa imeungua, taa ilishika chandarua. Basi ami yangu, ndugu wa baba, akaja na zawadi aliyopewa na baharia bandarini: kopo la dawa ya kuzuia moto. Mafuta ya manjano, mazito.

Akachovya chandarua cha kitanda changu cha harusi, akakianika, akawasha kiberiti. Moto ukajizima wenyewe! Nyumba nzima vigelegele.

Tatizo, kilikuwa kikinata. Ami akakisuuza ndani ya birika la chooni, lile tangi la kujengea la kuwekea maji. Sasa zamani birikani tulifuga samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu.

Asubuhi samaki wote matumbo juu.

"Ni joto tu hilo," ami akasema, huku akikifunga chandarua kitandani.

Wakuu, niliogopa. Chini ya kitu kile ningelala mimi, na wanangu Mungu akinijaalia. Nikatoka! Liwa usoni, mbele ya ami na mashangazi.

Mama akanishika mkono. "Rudi ndani wewe! Watu watasemaje?"

"Na waseme. Ami, niwie radhi, mimi hapo silali. Kama ni joto, na tujaribu."

Tukaomba samaki kwa jirani, tukawatia kwenye mabeseni mawili ya maji safi, yote kivulini. Beseni moja nikatumbukiza kipande cha chandarua.

Alasiri, wa maji matupu wanacheza. Wenzao wamekufa.

Ami akakifungua chandarua kwa mikono yake mwenyewe. Vigelegele vikapigwa tena, na safari hii vilikuwa vyangu. Jamani, raha niliyoisikia!

Akataka kumwaga kopo mtaroni. Nikakataa hilo pia, mtaro unaishia baharini tunakovua. Na tulipokausha birika tulikuta matone ya manjano chini kabisa, hayakuchanganyika na maji. Tukayafuta kwa tambara, tambara likaingia kopo lile lile, likarudishwa kwa yule baharia.

Mjukuu wangu asomaye kemia anasema inafanana na dawa za moto zenye bromini. Baadhi ni nzito kuliko maji, haziyeyuki vizuri, hutulia kwenye tope na kukaa sana. Nyingine hupenya ngozi, na iko moja iliyopigwa marufuku ng'ambo kwenye nguo za kulalia watoto kwa hofu ya saratani. Sisi maabara hatukwenda, siapi kuwa ni hiyo.

Nilichojifunza: dawa ikikuonyesha inachozuia, uliza na inacholeta. Hata ukiwa mwari, uliza.

Harusi ilifuata, nikalala chini ya chandarua cha kawaida. Na moto je? Taa tuliisogeza mbali na kitanda, ikatosha.

Haya, nanyi semeni: ni zawadi gani kwenu iliwahi kukataliwa mbele ya watu, na nani alithubutu?