Mrija Nilioukataa Makebuko

Tuliporudi kutoka Tanzania tulivukia mpakani Kobero, mimi na godoro moja, na Biblia niliyokuwa naisoma kwa kufuata kidole, neno moja moja. Mume wangu nilikuwa nimemzika huko kwenye kambi ya wakimbizi. Shamba la baba yangu lilikuwa Makebuko, upande wa Gitega, lakini tangu tulipokimbia mtu mwingine alikuwa ameingia humo, akapanda migomba, akazaa, akazeeka. Basi nikaishia Muyinga, kwa binti yangu.

Niseme ukweli. Kwetu mama mkwe hakai nyumba moja na mkwewe, ni aibu kwa wote wawili. Wao walikuwa na chumba na sebule, mimi nalala sebuleni. Asubuhi mkwe wangu akitaka kutoka, anakohoa kwanza huko chumbani, nami naamka mbio, najifunika kitenge, nageukia ukutani mpaka apite. Sikula mbele yake hata siku moja. Hakunisema vibaya kamwe. Wema wake ndio ulionimaliza.

Kilichonishikilia ni kanisa. Mchungaji wetu alihubiri kwamba Yesu alikuja tuwe na uzima, tena tuwe nao tele. Hilo "tele" nilitembea nalo mji mzima. Tele! Mimi ambaye hata pa kujikunia sina! Nilikuwa nimeokoka kambini, na siku ya ubatizo, nikiwa ndani ya maji, niliapa kwamba pombe haitagusa tena ulimi wangu. Nilikuwa sijavunja. Nikasema, Mungu ameona, atanipa changu.

Na kweli nikaitwa Makebuko kwa kesi ya shamba la baba. Bashingantahe, wale wazee waamuzi wa mlima, yaani wa kijiji, walikaa wakatusikiliza, mimi na yule mzee wa migomba. Majina yao wote ninayo kichwani, na nani alikaa karibu na nani, lakini siyaandiki. Wakaamua tugawane nusu kwa nusu. Nilipiga magoti papo hapo, nikashukuru.

Ndipo ukaletwa mtungi wa urwarwa, pombe ya ndizi. Kwetu maneno ya watu wawili yakiisha, wanakunywa mtungi mmoja. Wasipokunywa, hayajaisha. Mzee akavuta kwanza kwa mrija, kuonyesha haina sumu, kisha akaniletea mimi.

Nikasema, "Mzee wangu, nisamehe. Mimi nimeokoka."

Halafu mtu nyuma akacheka: "Mwacheni, Tanzania walimzoesha chai!"

Mwingine akadakia, akiniita mukecuru, yaani bibi kizee, "Yesu mwenyewe aligeuza maji kuwa divai, mukecuru, we umemzidi?"

Lakini mzee hakucheka. "Nimekugawia shamba nililolima tangu nywele zangu nyeusi," akasema, "na wewe unaogopa kinywa changu? Basi hatujapatana."

Akamwaga ile pombe chini. Wazee wakainuka mmoja mmoja.

Nilirudi Muyinga. Mchungaji aliponisikia akanisifu mbele ya kanisa zima, akanisimamisha wanione. "Mama, aliyekutoa kambini hashindwi na mtungi. Funga, omba." Nikafunga. Nilifunga mpaka binti yangu akalia akisema, "Mama, unataka kufia sebuleni kwangu?" Nikaomba shamba, nikaomba mlango wa kwangu wa kufunga. Mvua za kwanza zikanyesha. Niliwaona wanawake wakipita na majembe, mimi nikiwa mlangoni, mikono mitupu, na nyuma yangu mkwe anakohoa. Siku hiyo niliingia chooni, mahali pekee nilipoweza kuwa peke yangu, nikamwambia Mungu, "Tele iko wapi? Nionyeshe hata kidogo, hiyo tele uwape wengine."

Kesho yake nikapanda gari la Gitega bila kumwambia mchungaji. Nilimkuta mzee uani kwake. Nikasema, "Baba, ita wazee. Nitakunywa."

Akaniangalia sana. "Na Yesu wako?"

"Nitaongea naye mwenyewe."

Nilikunywa. Machozi yalinitoka mrija ukiwa mdomoni, na watu wakadhani ni furaha, wakapiga makofi. Jioni ile ile wakachimba mpaka.

Habari ilifika Muyinga kabla yangu. Nilipokwenda kuchukua godoro, mchungaji alinitenga na meza ya Bwana. Akanitaka nitubu mbele ya watu, niseme nimekosa. Nilisimama, mdomo ukakataa. Ningesemaje nimekosa, na huku nimeshapata pa kulala? Ningesemaje sijakosa, na niliapa ndani ya maji? Nikakaa. Mkate wakapita nao mbele yangu kama wamebeba maiti.

Sasa nina nyumba ya udongo, mlango unafungwa. Maharage yapo, na ndizi kidogo. Lakini uzima ule niliokuwa nautafuta sijui kama niliuuza au niliununua. Kanisa la huku nakaa benchi la mwisho, na wakianza kugawa mkate natoka nje.

Nalima huku naomba kwa sauti. Juzi mzee akauliza kutoka upande wake wa mpaka, "Mukecuru, unagombana na nani huko?"

"Na Mungu."

"Basi mwambie na mimi mgongo unaniua."

Nilimwambia. Ya kwangu bado hajanijibu.